Bafta ya Kilo Moja na Robo

Kiongozi wa safari alitupa kikomo cha kilo kumi na mbili kila begi, na ili tusije tukasema hatukuelewa, akatuonyesha mizani yenyewe. Ilikuwa mizani ya ndoano kama ya buchani, imening'inizwa kwenye boriti ya ofisi yake ndogo pale Nakawa, Kampala, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Akatundika begi lake mwenyewe. Mshale ukasimama kwenye kumi na moja.

"Hii ndiyo nyumba yangu ya siku kumi na moja," alisema. "Kitu kisichoingia humu, huko juu hakina kazi."

Dada yangu alikuwa akiitikia kwa kichwa kama yuko kwenye hotuba ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nauwaza mto wangu.

Niseme mapema mimi ni mtu wa aina gani, msije mkanisifia bure. Mimi ni fundi wa kanzu. Kutoka kitandani kwangu hadi kwenye cherehani ni hatua tisa, na msikiti uko ng'ambo ya kichochoro, jambo ambalo namshukuru Mungu kila nikisikia adhana. Wateja huja wenyewe. Tangu mke wangu afariki, na dada naye arudi kuishi nami kwenye nyumba ya mama yetu baada ya kufiwa na mumewe, sijawa na sababu ya kwenda popote pasipo na kiti. Shule nilisoma mpaka kidato cha nne, na somo nililolichukia kuliko yote ni mchezo wa mbio.

Dada ana miaka sitini na miwili na hajui kukaa. Miaka thelathini ameuza mivumba pale sokoni Owino, nguo kuukuu za ng'ambo, na kibanda chake ni cha vitu vya baridi: majaketi mazito, mabegi makubwa ya mgongoni, na viatu vya wapanda milima. Watu wa Kampala wanavinunua kwa ajili ya boda na ujenzi. Lakini viatu vile vinakuja na udongo kwenye nyufa za soli. Dada huuchokonoa kwa kijiti kabla ya kuvipanga, na siku moja aliniletea udongo huo kwenye kifuniko cha chupa, mweusi na mwingine mwekundu.

"Unaona huu," akasema, "umetoka kwenye mlima wa mtu. Mimi nimeuza viatu hivi mpaka magoti yameanza kulia, na sijawahi kupanda hata kichuguu."

Nilidhani ni maneno ya uchovu. Kumbe alikuwa ameshaulizia. Kuna bwana mmoja, ndiye huyo kiongozi, mzaliwa wa upande wa Kenya wa Mlima Elgon, anayepeleka watu wachache wachache kwa miguu: wanaingia kwenye lango la upande wetu, wanaupanda mlima, wanazunguka ndani ya shimo lake kubwa kule juu, wanalala mahemani na mapangoni, na siku ya kumi na moja wanatokea kwenye lango lile lile. Ana sharti moja kwa waliopita miaka sitini. Ni lazima waje na mtu wa damu yao.

Dada ana watoto wanne. Mmoja yuko Doha, wawili Mombasa, wa nne ni mjamzito. Nikabaki mimi.

"Babu zetu walitoka pwani mpaka hapa kwa miguu," aliniambia, akinimwagia chai. "Miezi mitatu, na mizigo kichwani. Tangu wafike, ukoo mzima haujatembea zaidi ya kwenda msikitini. Huoni haya?"

"Walichoka. Mimi nimerithi ule uchovu wao."

"Nikikosa mwaka huu, magoti hayatanipa mwingine," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Wewe ukisema hapana, hakuna mwingine wa kumuuliza."

Nikasema ndiyo. Kusema ndiyo ni kazi ya kukaa, na kukaa nakuweza.

Tulianza mazoezi. Kila alfajiri tulipanda kilima cha Naguru, kila mmoja na begi lenye mifuko ya mchele. Dada alipanda polepole bila kusimama, kama mtu anayevuta kamba ndefu. Mimi nilisimama kila mti, nikijifanya naangalia ndege. Wiki ya pili nikiwa kileleni, masikio yalianza kunivuma na nyumba za chini zikacheza kidogo mbele ya macho. Nilikaa kwenye jiwe nikafunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena.

"Kiatu gani hicho kinachokunywa muda hivyo?" dada akauliza.

"Ni cha kwako. Umeniuzia kibovu."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Kiongozi alitaka fomu ya afya yenye saini ya daktari na muhuri. Dada alikwenda kwenye kliniki moja ya Wandegeya, akarudi na fomu yake imesainiwa, safi. Kesho yake nikaenda mimi, kliniki ile ile, inayotazamana na maduka ya fotokopi ambako wanafunzi wanapanga foleni na vitabu vyao. Muuguzi alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena. Akaniambia ninyamaze dakika kumi. Akapuliza mara ya tatu.

"Pore, mzee," alisema kwa Kiswahili cha Kiganda kinachobadilishana r na l. "Presha iko juu sana. Utameza dawa hii mala moja kira siku, halafu ludi baada ya wiki mbiri."

"Na fomu?"

Aliingia nayo ndani kwa daktari, akatoka nayo vile vile. Daktari hakusaini. Alikuwa amesema mlima hapana, mpaka aone dawa imefanya nini.

Nilivuka barabara nikiwa na fomu tupu kwenye mfuko mmoja na vidonge kwenye mwingine. Nikasimama mbele ya maduka ya fotokopi. Kwenye simu nilikuwa na picha ya fomu ya dada, alinitumia mwenyewe nimpelekee kiongozi.

Nilichofanya baada ya hapo nakumbuka vizuri, kwa hiyo sitajifanya nilichanganyikiwa. Nilimwomba mwenye duka anichapishie fomu ya dada. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi jina langu, umri, kimo na uzito, nikakikata kwa mkasi wangu wa mfukoni ambao fundi haachi nyumbani, nikakibandika juu ya vile vya dada, nikasawazisha kingo kama ninavyosawazisha mfuko wa kanzu. Fotokopi ikatoka safi. Presha ya dada, mapigo ya dada, saini na muhuri, vyote sasa vikawa vyangu. Nilijisifu kwa kazi ya mikono. Ndivyo nilivyo, hata katika wizi natazama mshono.

Nilijiambia namfanyia dada. Nikikosa mimi, anakosa yeye. Vidonge nitavimeza kimya kimya, wiki tatu ni nyingi, presha itashuka yenyewe kwa heshima. Jioni nilimpa dada fomu. Akaitia pamoja na ya kwake kwenye bahasha ya nailoni, ya kumpelekea kiongozi siku ya kupima mabegi, siku mbili kabla ya kuondoka.

Halafu tukaanza kufungasha, na nyumba ikageuka Owino. Sebule ilijaa majaketi, soksi za sufu, gambuti, tochi za kuvaa kichwani, sufuria, kamba, mabegi ya kulalia yaliyovimba kama magodoro. Dada alikuwa ameazima mizani ya ndoano kwa jirani yake wa sokoni, tukaifunga kwenye mwamba wa mlango wa uani. Orodha ya kiongozi niliibandika ukutani karibu na cherehani, na kila kitu tulichokipima niliandika uzito wake pembeni kwa chaki ya ushonaji.

Begi langu lilianza na kilo kumi na saba.

"Hii nini?" dada akauliza, mkono wake uko ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Chupa ya chai."

"Na hii?"

"Chupa ya chai ya akiba."

"Na huu mto?"

"Shingo yangu, dada."

"Shingo yako ilikuwa na mto kabla hujazaliwa? Utakunja jaketi, utalalia jaketi." Akautupa kwenye kochi. Ukafuata mkoba wangu wa kunyolea, kandambili, na kitabu ambacho sikuwa nakisoma hata nyumbani. Alinikatia mpini wa mswaki kwa kisu. "Gramu ni gramu," alisema.

Nilimwacha anitanie. Vidonge vilikuwa ndani ya soksi, na soksi ndani ya soksi, na kila mkono wake ulipopita karibu na pale moyo wangu ulifanya kazi ambayo muuguzi asingeipenda. Alizitoa soksi zile, akaziminya, akazipima mkononi, akazirudisha. Nilimshukuru Mungu kwa ubutu wa vidole vya wauza mivumba. Ilikuwa shukrani ya mapema.

La ajabu lilikuwa begi lake. Yeye hakupunguza kitu, na kila tulipolitundika mshale ulisimama kwenye kumi na mbili barabara. Nami nilikuwa na zile hesabu za chaki. Fundi akikata kanzu haachi yadi izagae bila kujua imekwenda wapi. Nilijumlisha vitu vya dada mara moja, nikajumlisha mara ya pili kuanzia chini. Kumi na robo tatu. Kulikuwa na kilo moja na robo ndani ya begi lile isiyokuwa kwenye orodha.

"Dada, umeongeza nini?"

"Sijaongeza. Mizani ya jirani hiyo, imezoea kuiba."

"Kwangu haijaiba."

"Kwako imeona huruma."

Alisema huku ananipa mgongo, na dada hanipi mgongo akinitania. Akitania hunitazama usoni aone limeingia.

Kesho yake alipokwenda sokoni nililifungua begi lake. Sijawahi kufungua mkoba wa dada yangu tangu tukiwa watoto, na mikono yangu ilijua. Nilitoa vitu kimoja kimoja nikivipanga kwa mpangilio ule ule. Nilipofika chini ya begi la kulalia, harufu ilinifikia kabla ya kitu chenyewe. Ilikuwa karafuu maiti. Mtu aliyezika wazazi na mke hasahau harufu ile.

Kulikuwa na mfuko wa nailoni umefungwa vizuri, na ndani yake bafta nyeupe, imekunjwa, haina pindo, haina mshono, pamoja na pamba na kifurushi kidogo cha ile karafuu. Ilikuwa sanda.

Nilikaa chini kwenye sakafu, mimi niliyekuwa nimezungukwa na viti.

Mama yetu alikuwa akitusimulia kwamba wazee waliotoka pwani na misafara walibeba sanda zao kwenye mizigo, maana njiani hakuna duka la bafta. Hata waliokwenda Makka zamani walibeba. Lakini sisi tulikuwa tunakwenda Elgon na mtu mwenye redio ya upepo. Kwa nini dada abebe sanda? Nilianza kuunganisha mambo, na fundi akianza kuunganisha hakosi kipande. Wiki hiyo alikuwa amenionyesha mahali anapoweka hati ya nyumba. Alikuwa amempa mwenzake wa sokoni funguo za kibanda, akamweleza kila robota la nguo. Alikuwa amewapigia watoto wote wanne, akaongea na kila mmoja kwa muda mrefu kuliko kawaida. Na alisema magoti hayatampa mwaka mwingine. Magoti tu?

Niliona wazi kwamba daktari alimwambia jambo, na yeye ameamua kwenda kulimalizia mlimani, kwenye udongo wa kwenye soli.

Nilirudisha kila kitu. Siku mbili zilizofuata nilikuwa adui wa safari ile kwa siri. Nilimwambia nimesikia mvua itakuwa kubwa. Akasema ndiyo maana tuna gambuti. Nikasema jaketi langu la mvua linavuja. Akalimwagia maji bombani, halikuvuja. Nikasema nina kanzu sita za watu wa harusi. Akaniuliza harusi lini, nikataja tarehe ya baada ya safari, maana uongo nao unataka kujiandaa. Kila aliponyanyua kitu nilimtazama mkono kama unatetemeka. Vidonge nilimeza, lakini nadhani presha ilikuwa inavicheka.

Siku ya tatu, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya kupima mabegi, alipoondoka tu nililifungua tena lile begi. Sikujua natafuta nini. Labda nilitaka nikute nimekosea, ni shuka la kawaida. Niliitoa bafta, na kwa sababu mikono yangu ina tabia zake, nikaitandaza kwenye meza ya kukatia na kuvuta futi yangu shingoni.

Vilikuwa vipande vitatu, na kila kimoja kilikuwa na yadi tatu kasorobo.

Nilipima tena. Dada yangu ni mfupi. Nimemshonea magauni maisha yake yote. Akisimama kando yangu kichwa chake hakinifiki begani. Kwa yeye, ukiongeza na ya kufungia kichwani na miguuni, yadi mbili na nusu zingezidi. Na mwanamke huvishwa vipande vitano. Vitatu ni vya mwanamume.

Yadi tatu kasorobo, mwanamume mrefu, hatua tisa kutoka kitandani hadi kwenye cherehani. Nilichukua futi nikajipima, kutoka kisigino hadi utosini, nimeegemea ukuta kama mtoto wa shule, ingawa jibu nilikuwa nalo.

Sikuirudisha begini. Niliiacha mezani imetandazwa, nikakaa kwenye kiti changu nikamngoja. Alasiri alifika, akavua viatu mlangoni, akaingia huku anamlaumu dereva wa boda. Akaiona.

"Nani amekukatia?" niliuliza.

"Fundi mwingine. Ulitaka nije kwako?"

"Yadi tatu kasorobo. Vipande vitatu."

"Umepima."

"Mimi fundi, dada."

"Basi unajua ni ya nani." Akakaa kwenye kochi, juu ya mto wangu. Alifungua mkoba, akatoa ile bahasha ya nailoni, akachomoa fomu yangu na kuisogeza mbali na macho kama anavyosoma. "Kwanza nikupe hongera. Sikujua kama umejifungua mara nne."

Nilimnyang'anya. Pale chini, chini ya saini niliyoinakili kwa ufundi wangu wote, kulikuwa na mstari ambao sikuusoma: amejifungua mara ngapi, na mwandiko wa muuguzi, nne. Fomu yangu yote ilikuwa ya mwanamume wa kimo changu, uzito wangu, mwenye watoto wanne aliowazaa mwenyewe.

"Nimeiona siku ile ile uliyonipa," dada alisema. "Nikasema labda wamekosea kliniki. Halafu nikaminya soksi zako. Mimi, mdogo wangu, kazi yangu ni kuminya mifuko ya nguo za watu. Nimetoa humo pete, funguo, hata meno. Vidonge nisivijue?"

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini wewe hukusema?"

"Ningesema, usingekwenda."

"Ehe." Aliitikia taratibu. "Na mimi ningesema, nisingekwenda."

Hakuna aliyecheka. Dada alikuwa anaitazama bafta pale mezani.

"Nilisema moyoni, huyu mtu mzima, ameamua mwenyewe," alisema baadaye. "Nilisema, likitokea la kutokea huko juu, angalau asije akazungushiwa hema la watu badala ya sanda. Nikaenda dukani. Muuzaji akaniuliza, marehemu ni mrefu kiasi gani? Nikainua mkono nikamwonyesha." Aliinua mkono juu ya kichwa chake, akaushikilia pale. "Hivi. Na wewe uko nyumbani unashona. Nikalipa nikatoka. Nilipofika kwenye geti la soko nikageuka nirudi dukani. Lakini sikurudisha. Unanielewa? Nilikuwa na nafasi ya kurudi nyumbani nikakuuliza swali moja tu, nikaona kubeba kilo moja na robo ni rahisi zaidi."

Nilitaka kumtania. Badala yake niliikunja ncha ya bafta.

"Mimi nilidhani ni ya kwako," nilisema.

"Ndiyo sababu umenitajia mvua siku mbili?"

"Ndiyo."

"Na jaketi linalovuja."

"Ndiyo."

"Uongo huujui kabisa," alisema, na akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Twende kwa yule bwana kabla sijabadilisha mawazo."

Tulikwenda Nakawa jioni ile ile, kabla ofisi haijafungwa. Nilijua ninachokwenda kukivunja. Dada alipanda zile ngazi mbele yangu, mkono kwenye goti, bila kugeuka. Nilimwekea kiongozi mezani fomu na vidonge, nikamweleza yote, fotokopi na gundi. Alisikiliza bila kunikatiza. Aliisoma fomu mpaka mwisho, na nikaona amefika kwenye ule mstari.

"Mara nne," alisema. "Na uchungu ulikuwa mrefu, mzee?"

Dada aligeukia dirishani, mabega yakamtikisika kwa kicheko.

"Wewe hupandi," akaendelea, na sauti haikuwa na utani tena. "Hilo tusizungumze. Ungeniangukia siku ya tano, hakuna njia fupi ya kukushusha. Na mama, unajua sharti."

"Najua," dada alisema. Hakubembeleza. Namjua dada yangu, anabembelezea hata nyanya. Kimya kile ndicho kilichoniumiza.

"Hilo sharti ni la nini hasa?" niliuliza. "Mtu wa damu atakusaidia nini huko juu? Mimi hata jiko la gesi siwezi kuliwasha."

Kiongozi alijikuna kidevu. Alisema mwaka mmoja alikuwa na mama mtu mzima aliyeanza kuumwa kichwa na kutapika kule juu, dalili za urefu wa mlima. Alimwambia ashuke. Mama akamjibu, wewe si ndugu yangu, huwezi kuniamuru. Ilimchukua siku nzima kumshusha, na siku nzima ilikuwa nyingi. "Tangu siku hiyo nataka mtu ambaye akisema shuka, anasikilizwa. Kubeba mizigo nina watu."

"Lazima huyo mtu awe juu?"

Alinitazama, kisha akatazama mizani kana kwamba nayo ina maoni. Kule langoni, alisema, kuna banda la askari wa mbuga na redio. Kila jioni yeye huripoti kambi walipofika. Mtu akikaa pale siku zote kumi na moja, anaweza kuongea na mama kila jioni, akamsikia pumzi, akaamua. Hajawahi kufanya hivyo, lakini inafanyika. Mradi daktari aandike kwamba mzee anaweza kukaa hata hapo.

"Kukaa?" dada aliuliza. "Siku kumi na moja? Bwana, hapo umempata bingwa."

"Ngoja, mama. Akikwambia shuka, unashuka?"

Hapo dada alichelewa. Pikipiki zilikuwa zinajaribiwa injini pale chini, tukasubiri zipoe.

"Huyu hajawahi kuniambia hata chumvi imezidi," alisema mwishowe.

"Ndiyo nauliza."

"Mwulize kwanza yeye kama atasema."

Wote wawili wakanitazama. Nilifikiria jioni ile ambayo sauti yake kwenye redio ingekuja na pumzi fupi, naye anasema niko sawa, kesho tunafika kileleni, na mimi niko kwenye benchi, peke yangu na kitufe. Miguu haikutakiwa kazi hata kidogo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mlima.

"Nitasema," nikasema. "Na chumvi ya jana ilizidi."

"Nitashuka," dada akasema.

Asubuhi tulikwenda Wandegeya pamoja, na safari hii alikaa kwenye kiti cha pembeni akimtazama muuguzi anavyopuliza. Presha ilikuwa imeshuka kidogo, si sana. Daktari aliandika kwa mkono wake: asipande, anaweza kukaa chini ya mlima, ameze dawa kila siku. Dada aliisoma karatasi ile mpaka mstari wa mwisho kabisa kabla ya kuikunja.

Yalibaki mabegi. Langu lilirudi kuwa na mto, chupa ya chai na kandambili, maana benchi halina kikomo cha kilo. La kwake tulilifungua upya, na kwenye orodha ukutani kulikuwa na kitu kimoja hatujakiwekea alama: mfuko wa shuka wa kuvaa ndani ya begi la kulalia, wa pamba, kuongeza joto. Tulikuwa tumeuacha wa mwisho kwa sababu nilisema nitaushona siku moja nikipata kitambaa.

Dada alichukua kipande kimoja cha bafta kutoka mezani, akanirushia mapajani.

"Shona hiki."

Nilikishika. Nimeshona nguo za kila namna, lakini ile haishonwi. Inakatwa na kufungwa tu, bila uzi. Hilo analijua kila mtu wa nyumba yetu.

"Ukipitisha sindano, si sanda tena," nilimwambia.

"Ndiyo maana nakwambia shona."

"Ni ndefu. Imekatwa kwa kimo changu. Nipunguze?"

"Acha. Miguuni nitaweka soksi." Akachukua kipande cha pili, akakiweka juu ya cha kwanza. "Na hiki cha kwako, huko langoni kuna baridi." Cha tatu alikikunja, akakipeleka kabatini kwake, na sikumuuliza.

Nilitunga uzi. Ilinichukua mara tatu, na macho yangu hayana ubaya. Nilikunja bafta mara mbili kwa urefu, nikaiweka chini ya mguu wa cherehani, penye sindano, nikabana. Dada alisimama nyuma ya kiti changu mpaka ule mshono wa upande ulipofika mwisho. Kisha akainama, akaushika kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu pande zote kama anavyovuta mishono ya mivumba wateja wakimtazama. Ulishika.